Kaktasi Inayoning'inia Haiuawi na Maji

Anayenunua kaktasi yenye mashina marefu ya kuning'inia huondoka kwa muuza miche na agizo moja: usiimwagilie sana. Basi huipanda kwenye mchanga mtupu, akaianika juani kutwa na kuikumbuka kwa kikombe cha maji mara chache. Mashina husinyaa taratibu. Siku akiingiwa na huruma na kuulowesha mmea, shina linaoza, na lawama yote inaangukia maji. Mimi nashikilia kuwa lawama hiyo haistahili. Kinachoziua kaktasi hizi ni mizizi kukosa hewa, na anayelitambua hilo atamwagilia bila woga.

Ushahidi tunao hapa hapa. Karibu kaktasi zote asili yake ni Amerika, ila aina moja, Rhipsalis baccifera, huota yenyewe pia katika misitu ya Afrika, Madagaska na Sri Lanka. Nchini Tanzania ipo katika misitu ya milimani, Usambara ikiwemo. Mashina yake membamba hushuka kutoka matawini, vimaua vyake ni vidogo na vyeupe, na matunda yake yana utomvu wa kunata unaozishikiza mbegu kwenye gome baada ya ndege kuyala. Amani, Usambara Mashariki, mvua ya mwaka hukaribia milimita 2,000. Mmea unaostawi katika mvua kama hiyo hauwezi kuwa adui wa maji. Tazama tu mizizi yake ilivyokaa: imeshika gome na majani yaliyooza kwenye panda za matawi. Mvua inapita, inalowesha na kwenda zake, kisha upepo unaingia. Mizizi hailali ndani ya maji hata siku moja.

Msomaji makini atasema: hiyo ni ya msituni na haina miiba ya kuchoma, lakini inayopendwa kwa maua makubwa ni ile ya Mexico, Disocactus flagelliformis, ambayo lugha kadhaa zimeiita mkia wa panya, na hiyo ina miiba tele. Ni kweli, na tofauti ipo. Mkia wa panya huishi mahali penye kiangazi kinachoeleweka, hivyo huvumilia jua na ukame kuliko ndugu yake wa Usambara. Lakini nao hushikilia miti na miamba, haukui katika mchanga wa jangwani. Miiba haitoshi kutuambia mmea unataka udongo gani; mahali mizizi inapokaa ndipo penye jibu.

Kwa hiyo anza na udongo, maana hapo ndipo kazi ilipo. Mchanga laini, ambao wengi huuamini, hushikamana baada ya kumwagiliwa mara kadhaa na kuziba nafasi za hewa. Udongo wa mfinyanzi ni mbaya zaidi. Changanya vipande vya gome au usumba wa nazi, mkaa uliopondwapondwa, changarawe na mboji iliyooza vizuri, mboji isizidi theluthi moja. Usumba uoshwe kwanza, kwa kuwa mara nyingi huwa na chumvi. Ukimimina maji, yanapaswa kutoka chini papo hapo. Chungu kiwe na matundu na kisikalie kisahani chenye maji. Hapo sasa mwagilia mpaka kote kulowe, usubiri sehemu ya juu ikauke, kisha urudie. Wakati wa joto hiyo inaweza kuwa kila wiki. Maji ya mvua yanafaa kuliko ya kisima chenye chumvi, kwani mimea ya mitini imezoea maji yasiyo na madini mengi. Jua la asubuhi linautosha mkia wa panya, na Rhipsalis ipate mwanga uliochujwa na majani ya mti.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la maua. Wapo wanaosema mmea ukinyweshwa hivyo utarefuka tu bila kuchanua. Hapa wana nusu ya haki. Mkia wa panya huchanua baada ya majira ya baridi na ukavu, kwa hiyo unahitaji mapumziko, ila mapumziko ni ya miezi michache, wala si adhabu ya mwaka mzima. Lushoto, Njombe au Nairobi, punguza maji kuanzia Juni hadi Agosti, acha mbolea, na uuache nje upate ubaridi wa usiku ilimradi hakuna sakitu. Joto likirudi, ongeza maji kidogo kidogo. Maua hutoka kwenye mashina yaliyokwisha komaa, hivyo anayeyakata kila mwaka ili mmea upendeze anajinyima maua kwa mkono wake. Mbolea ya kukuzia kama urea nayo huleta mashina mengi na maua haba. Tumia yenye potasiamu zaidi, nusu ya kipimo kilichoandikwa. Dar es Salaam na Mombasa, usiku una joto mno, na maua ya mkia wa panya huwa ya kubahatisha. Huko ningechagua Rhipsalis, kwa sababu haidai ubaridi huo.

Vidung'ata wakijificha kati ya miiba, wafute kwa pamba yenye spiriti. Utitiri mwekundu huja hewa ikiwa kavu mno, na kunyunyizia mashina maji asubuhi huupunguza.

Ukitaka mche mpya, kata kipande cha sentimita 10 hadi 15 baada ya maua kuisha, ukiweke kivulini kwa wiki moja hadi jeraha likauke, kisha ukipande upande ule ule kilivyokuwa kikikua. Mbali na mapumziko ya baridi, kipindi hiki pekee ndipo uhodari wa kubana maji unapofaa: kipande kisicho na mizizi hakina cha kunywea, kwa hiyo udongo uwe na unyevu kidogo tu mpaka kitakaposhika.