Kipimo Chanya Pasipo Kaswende: Jinsi Kingamwili Zinazoushambulia Mwili Zinavyopotosha Majibu ya Maabara

Mama mwenye umri wa miaka 29 anafika kliniki ya wajawazito akiwa na mimba ya nne. Mimba tatu za awali ziliharibika, mojawapo ikiwa na wiki 18. Kipimo chake cha RPR ni chanya kwa kiwango cha uzimuaji cha 1:4. Kadi yake inaonyesha kuwa kipimo hicho kilikuwa chanya katika mimba mbili zilizopita pia, na kila mara alichomwa sindano ya penisilini. Mumewe amepimwa mara mbili na hakukutwa na kaswende. Nyumbani, swali limekwisha kugeuka lawama.

Mfano huu ni wa kufundishia, lakini hali kama hii hutokea. Kabla ya kuuliza maambukizi yametoka wapi, inafaa kuuliza: je, kipimo kilitafuta nini hasa?

Makundi mawili ya vipimo

Vipimo vingi vya damu havitafuti kimelea chenyewe. Hutafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza ili kupambana nacho. Kwa kaswende, vipimo hivyo viko katika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni RPR na VDRL. Hivi hupima kingamwili dhidi ya kadiolipini, aina ya mafuta yaliyomo katika seli za mwili. Kundi la pili ni TPHA, TPPA na vipimo vingi vya haraka vinavyotumika kliniki. Hivi hupima kingamwili dhidi ya bakteria wa kaswende, Treponema pallidum.

Kundi la kwanza lilitokana na kipimo kilichobuniwa Ujerumani mwaka 1906 na August Wassermann na wenzake. Walitumia dondoo la ini la kichanga aliyekufa kwa kaswende, wakiamini kuwa linahitaji kuwa na bakteria. Baadaye ilibainika kuwa hata dondoo la moyo wa ng'ombe asiye na ugonjwa hutoa majibu yale yale. Mwaka 1941, Mary Pangborn wa Marekani alitenga kadiolipini kutoka katika moyo wa ng'ombe. Hivyo RPR haioni kaswende moja kwa moja. Huona dalili ambayo kaswende huileta, na ambayo hali nyingine pia zaweza kuileta.

Kinga inapokosea adui

Katika baadhi ya watu, kinga hutengeneza kingamwili dhidi ya tishu za mwili wenyewe. Ndivyo ilivyo katika ugonjwa wa lupasi na katika sindromu ya kingamwili dhidi ya fosfolipidi, kundi la mafuta ambamo kadiolipini imo. Mwaka 1952, Joseph Earle Moore na Charles Mohr wa Marekani walieleza kuwa baadhi ya watu wenye majibu chanya yasiyo ya kweli yaliyodumu kwa muda mrefu walikuwa na lupasi, au waliipata baadaye. Mwaka 1983, madaktari wa London, akiwamo Graham Hughes, walihusisha kingamwili dhidi ya kadiolipini na damu kuganda ndani ya mishipa pamoja na mimba kuharibika mara kwa mara.

Kwa sababu hiyo, jibu lisilo la kweli kuhusu kaswende laweza kuwa ishara ya kweli ya ugonjwa mwingine. Anayelipuuza hupoteza nafasi ya kuzuia kiharusi, damu kuganda mguuni au mapafuni, au kifo cha mtoto tumboni.

Zipo pia sababu za muda mfupi. Malaria, maambukizi ya virusi, chanjo na hata ujauzito wenyewe vyaweza kuifanya RPR iwe chanya, kwa kawaida kwa muda usiozidi miezi 6.

Kusoma majibu kwa pamoja

RPR chanya ithibitishwe kwa kipimo cha kundi la pili. Vyote viwili vikiwa chanya, mgonjwa ana kaswende au aliwahi kuwa nayo. Historia ya buba pia iulizwe, kwa kuwa vipimo haviwezi kuitofautisha na kaswende. RPR ikiwa chanya na TPPA ikiwa hasi, uwezekano mkubwa ni kwamba jibu la RPR si la kweli. Majibu ya namna hiyo mara nyingi huwa ya kiwango cha chini, pungufu ya 1:8. Hata hivyo, kiwango pekee hakitoshi kuamua, kwa kuwa kaswende ya zamani pia huweza kuwa na kiwango cha chini.

Mhudumu akumbuke pia kwamba kipimo cha kundi la pili huweza kubaki chanya maisha yote hata baada ya tiba kamili.

Kwa mjamzito, penisilini isicheleweshwe pale uthibitisho usipopatikana mara moja. Kaswende isiyotibiwa huweza kumuua mtoto tumboni, ilhali sindano moja isiyohitajika ina madhara machache kwa asiye na mzio wa dawa hiyo. Kosa si kumtibu mama, bali ni kumtibu tena na tena bila kuuliza kwa nini.

Si kaswende peke yake

Kingamwili iitwayo kigezo cha rumatoidi, inayopatikana kwa wagonjwa wengi wa baridi yabisi, hujishika kwenye kingamwili nyingine. Katika kipimo cha haraka huweza kuunganisha kingamwili zilizopakwa kwenye utepe na zile zenye rangi, na mstari ukatokea ingawa kimelea hakipo. Hali hii imeonekana katika baadhi ya vipimo vya haraka vya malaria. Kinyume chake pia ni kweli: kifua kikuu na homa ya ini ya C huweza kukifanya kigezo hicho kiwe chanya kwa mtu asiye na baridi yabisi.

Kwa mgonjwa na familia yake

Mwenye lupasi au baridi yabisi amweleze mhudumu kabla ya kupimwa, lakini asidhani kuwa kila jibu chanya kwake ni la uongo, kwani naye huambukizwa kama wengine. Wanandoa nao wafahamu kuwa karatasi ya maabara haisemi nani alitoka nje ya ndoa.

Kwa mama wa mfano wetu, TPPA ilikuwa hasi. Hatua inayofuata ni kumpeleka kwa daktari bingwa na kupima kingamwili dhidi ya fosfolipidi, kisha kurudia vipimo hivyo baada ya wiki 12 au zaidi, kwa kuwa maambukizi huweza kuzipandisha kwa muda. Ikithibitika kuwa ana sindromu hiyo, aspirini ya kiwango kidogo pamoja na sindano za heparini, chini ya uangalizi wa daktari, huongeza uwezekano wa kumzaa mtoto aliye hai. Dalili ya kwanza ilikuwa kwenye kadi yake tangu mimba ya pili.