Birika Litoalo Habari

Mzee akaaye peke yake huogopa kuanguka, asijue mtu. Huko Japani, mwaka 2001, kampuni ya Zojirushi ilianza kukodisha birika la umeme lenye kutoa habari: mama alipomimina maji ya chai, mwanawe aliye mbali aliarifiwa kwa simu yake. Siku lisipoguswa, mwana aliuliza hali. Halikuwapo jicho la kumchungulia mama chumbani, nasi twaona heshima yake ilitunzwa hivyo.

Lakini birika halimwogeshi mtu. Kazi hiyo yataka mikono, nayo huletwa nyumbani kwa bima ya utunzaji iliyoanzishwa na serikali mwaka 2000. Wenye miaka 40 na zaidi huichangia. Mzee ahudumiwaye hulipa sehemu moja katika kumi, na mwenye mapato makubwa hulipa zaidi.