Jiwe la Shinkolobwe na Amri ya Tano



Amri ya tano ya Mungu yatukataza kuua. Leo tuitafakari kwa njia ya jiwe lililotoka katika ardhi yetu wenyewe.

Mwaka 1915 madini ya urani yaligunduliwa Shinkolobwe. Wakati wa Vita Kuu ya Pili watu wetu waliyachimba, nayo yakasafirishwa hadi Marekani. Kwa sehemu kubwa mabomu ya atomu yalitokana na madini hayo. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la kwanza liliangushwa Hiroshima, nchini Japani. Kufikia mwisho wa mwaka ule walikuwa wamekufa watu wapatao 140,000. Wengi wao hawakuwa askari, bali akina mama, wazee na watoto wa shule. Tarehe 9 Agosti la pili liliangushwa Nagasaki, karibu na kanisa la Urakami. Mle ndani waamini walikuwa wakiungama, wakijitayarisha kwa sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni. Walikufa pamoja na mapadre wao. Nao pia waliitwa adui.

Tusiseme, “Mambo hayo ni ya mbali.” Mwaka 1992, hapa Likasi, majirani wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao, jamaa nzima zililala stesheni zikingoja gari la moshi. Walikuwa wamechota maji pamoja nasi, wamepiga magoti pamoja nasi kanisani. Siku ile nao waliitwa adui.

Maswali na majibu

1. Je, wachimbaji wa Shinkolobwe walitenda dhambi?
La. Dhambi ya mauti yataka mtu ajue ubaya na kuukubali kwa hiari. Wao hawakuambiwa jiwe litafanya kazi gani.

2. Je, ni halali vitani kuteketeza mji mzima pamoja na wenyeji wake?
Si halali. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba tendo hilo ni kosa mbele ya Mungu na mbele ya wanadamu.

3. Adui ni nani kwa Mkristu?
Ni mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, ambaye Yezu Kristu alimfia msalabani.

Zoezi la juma hili

Kila mmoja amkumbuke mtu anayemwita adui, alitaje jina lake mbele ya Mungu, amsalie Baba Yetu moja. Asiyeweza bado kulitaja, amwambie Mungu hivyo, naye ajaribu tena kesho.