SOMO LA UBIA: SABUNI YA MAZIWA YA MBUZI



Wengi wetu tunaoacha kazi kiwandani au shambani, kiinua mgongo kikiwa mfukoni, huulizana: fedha hii tuifanyie nini kabla haijaisha? Mwezi huu tunasoma mradi mmoja mdogo unaovutia watu, yaani kutengeneza sabuni ya maziwa ya mbuzi. Tuchukue mfano wa mama aliyestaafu, anayetengeneza sabuni uani kwake, na kijana jirani mwenye mbuzi wa maziwa wawili. Wamepeana mikono, wanaitana wabia, na hawakuandika lolote.

Mbuzi wa maziwa si wageni tena kwetu. Toggenburg na Saanen asili yao ni Uswisi. Huko Mgeta, katika milima ya Uluguru, mbuzi wa Norway waliletwa miaka ya 1980 kwa mkono wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Huko Meru, Kenya, vikundi vya wakulima vilianza miaka ya 1990 kuchanganya Toggenburg na mbuzi wa kienyeji. Chotara aliyetunzwa vizuri, tuseme, hutoa lita moja na nusu kwa siku. Lakini hatoi mwaka mzima. Hubeba mimba miezi mitano, na inafaa aachwe kukamuliwa miezi miwili kabla ya kuzaa. Akishazaa, dang'a ya siku za kwanza ni ya watoto wake, si ya sabuni wala ya chai. Na kijana huyu ni mfugaji wa mbegu: utajiri wake hasa ni mitamba atakaowauza, siyo maziwa. Mama asipolielewa hilo, atamlaumu bure.

Sasa sabuni. Kwa kilo moja ya mafuta (gramu 700 za mawese na 300 za nazi) mama anahitaji kama gramu 145 za kostiki soda. Apime kwa mizani, si kwa kijiko. Kostiki humwagwa kidogo kidogo ndani ya maji, kamwe maji hayamwagwi juu ya kostiki, maana huchemka na kuruka usoni. Sufuria ya alumini ni marufuku: kostiki huila na kutoa hewa inayolipuka. Glavu na miwani tunazodai kwa mwajiri kiwandani tusizisahau nyumbani. Ikimrukia mtu, aoshe kwa maji mengi yanayotiririka, kwa muda mrefu, kisha aende zahanati.

Maziwa yakikutana na kostiki ya moto huungua, hugeuka rangi ya kahawia na kunuka. Mwenye friji huyagandisha kwanza. Asiye na friji ayeyushe kostiki katika gramu 165 za maji, asubiri yapoe, achanganye na mafuta, ndipo aongeze gramu 165 za maziwa baridi. Vitatoka vipande kama 13 vya gramu 100. Vikae wiki nne hadi sita rafuni kabla ya kuuzwa.

Tupige hesabu hapo. Lita moja ya maziwa inatosha kilo sita za mafuta, yaani vipande zaidi ya 70. Mama anayetengeneza vipande 150 kwa wiki anahitaji lita mbili tu! Mbuzi mmoja wa kijana anatoa kumi. Kwa hiyo yule anayemwambia kijana, "fuga, sabuni itanunua maziwa yako yote," anamdanganya. Maziwa mengi itambidi ayauze ya kunywa, na wanunuzi wayachemshe, maana homa ya kutupa mimba ya mifugo huambukiza watu kwa maziwa mabichi.

Tuseme lita ni shilingi 2,000 na kipande ni shilingi 1,500. Kwa wiki sabuni ni shilingi 225,000, na maziwa ni shilingi 4,000: hayafiki shilingi mbili katika kila mia. Mafuta, kostiki, karatasi na nauli, pamoja na hayo maziwa, tuseme ni shilingi 94,000. Zinabaki 131,000. Ni za nani?

Kijana atasema: mteja ananunua kwa sababu karatasi imeandikwa mbuzi, bila mimi hiyo ni sabuni kama nyingine. Ni kweli. Mama atasema: mtaji ni wangu, hatari ya kostiki ni yangu, na fedha yangu inalala rafuni mwezi mzima. Nalo ni kweli. Mkiwa wabia bila maandishi, sheria za ubia katika nchi zetu huchukulia kwamba faida ni nusu kwa nusu, hata kama mmoja alileta mtaji mkubwa na mwingine lita mbili.

Na kuna upande wa pili wa shilingi ambao vijana hawaambiwi. Wabia hugawana pia madeni. Mama akikopa mapipa ya mawese kwa jina la biashara na sabuni isiuzike, mwenye mafuta anaweza kumdai kijana, na mbuzi wake wakafikiwa na deni ambalo hakulijua.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, hawa wawili wasikimbilie ubia. Maziwa yalipwe siku yanapofikishwa, kwa bei ya soko, kwa kuwa mbuzi hasubiri wiki nne kupewa pumba. Juu yake kijana apate nyongeza kwa kila kipande kilichouzwa, tuseme shilingi 100. Hiyo ni shilingi 15,000 kwa wiki, na hadaiwi na mtu. Waandike pia nini kitafanyika miezi ambayo mbuzi amekauka: mama agandishe akiba, au kijana apandishe mbuzi wake kwa zamu. Daftari la mauzo liwe wazi kwa wote wawili kila Jumamosi. Karatasi isidai kwamba sabuni inaponya upele, na kabla ya kupeleka madukani waulize masharti ya shirika la viwango la nchi yao: TBS, KEBS au UNBS.

Maswali ya kujadili tawini: Mama amemkopesha kijana shilingi za kununua mbuzi wa tatu, na mbuzi huyo amekufa kwa homa ya mapafu kabla ya kukamuliwa. Hasara ni ya nani, na kwa nini? Jibu lenu lingebadilika kama wangekuwa wabia?