Dondoo muhimu: Unapompa kazi mtayarishaji wa faharasa

Mtafute mapema, lakini usimkabidhi kazi mpaka namba za kurasa zitulie. Aya moja ikihamishwa baada ya hapo, marejeo mengi yatapotoka.

Kwa kawaida malipo hukadiriwa kwa kurasa za kitabu. Andikeni bei, tarehe, nafasi iliyotengwa na nani atarekebisha. Kwa vitabu vya Kiingereza, Society of Indexers ya Uingereza, iliyoanzishwa 1957, ina orodha ya watu wa kazi hii.

Kitabu cha Kiswahili kinahitaji mazungumzo zaidi. “Mtumwa” na “watumwa” yako mbali kialfabeti. Amueni lipi libebe namba na lipi limwelekeze msomaji kwa lile lingine. Mwandishi Shaaban Robert awekwe kwenye S au R? Msiiachie programu. Hiyo hutafuta neno tu. Haijui kwamba ukurasa wa pembe za ndovu na misafara unahusu biashara hata kama neno hilo halimo.

Akikuletea rasimu, tafuta humo mambo ambayo msomaji wako angeuliza. Ukikuta jina limefuatwa na mlolongo wa namba tupu, mwombe aligawe katika mada ndogo.