Kupanga Ratiba ya Walimu na Vipindi katika Chuo cha Muziki

Mwongozo huu umeandikwa kwa waratibu wa masomo, makarani na wakuu wa vyuo vidogo vya muziki vya Unguja na miji mingine ya pwani. Katika vyuo hivi mwalimu mara nyingi ni mwanamuziki anayeishi kwa kupiga: mchana anafundisha udi, usiku yumo hotelini au harusini. Ratiba inayomhesabu kama mwalimu wa skuli ya serikali, aliyepo kila siku tangu asubuhi hadi adhuhuri, itavunjika kabla ya mwezi kwisha.

Yasiyosogea kwanza

Waratibu wengi huanza kwa kuwauliza wanafunzi wanataka saa ngapi. Karibu wote watataka saa kumi jioni, na hapo ugomvi umeanza. Mratibu aanze na mambo ambayo chuo hakina uwezo wa kuyasogeza, ayaandike, kisha vipindi viingie katika nafasi zilizobaki.

La kwanza ni sala. Zanzibar iko karibu na ikweta, kwa hiyo Magharibi haipishani sana mwaka mzima. Huingia kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni. Hakuna sababu, basi, ya somo kukatizwa na adhana: kipindi cha mwisho cha jioni kiishe saa kumi na mbili kamili. Siku ya Ijumaa kusipangwe kitu kati ya saa sita na saa nane mchana.

La pili ni skuli na madrasa. Baadhi ya skuli za serikali Zanzibar huingiza wanafunzi kwa mikondo miwili. Mtoto wa mkondo wa asubuhi anapatikana mchana, na wa mchana anapatikana asubuhi, ila madrasa nayo ina saa zake katikati. Fomu ya kujiunga iulize mkondo, saa za madrasa na mahali anapokaa mtoto, maana anayetoka Bububu kwa daladala hawezi kuwahi kama anayetoka Malindi kwa miguu. Mtoto akipanda darasa huenda akahama mkondo, hivyo taarifa hizi zikusanywe upya kila Januari.

Ramadhani iandaliwe ratiba yake. Kila mwaka mwezi huo hutangulia kwa siku 10 au 11 katika kalenda ya miladi, na mratibu aliyenakili ratiba ya mwaka uliopita atajikuta amepanga mtihani katikati ya mfungo. Vipindi vifupishwe, vihamie asubuhi, na masomo ya nadharia na kusoma nota yapewe nafasi kubwa kuliko kupiga. Shughuli za taarab husimama mwezi huo, halafu siku za Idi mwanamuziki anatafutwa kila upande. Asipangiwe somo wakati huo hata akikubali. Atakubali kwa heshima tu, na hatafika.

Saa za mwalimu

Mwalimu asiulizwe, “Una nafasi lini?” Swali hilo huleta majibu ya ukarimu. Aombwe aandike mafungu mawili: saa za hakika, ambazo hata akiitwa kupiga hataziacha, na saa za pengine. Vipindi vya wanafunzi vijengwe juu ya saa za hakika peke yake. Saa za pengine ni akiba ya kulipia vipindi vilivyoahirishwa. Aliyepiga hotelini hadi usiku wa manane asipewe mwanafunzi kabla ya saa nne asubuhi, hata kama chumba ni kitupu.

Biashara ya utalii nayo ina misimu yake. Masika, mwezi wa Aprili na Mei, hoteli nyingi hupungukiwa wageni na baadhi hufunga, na wanamuziki wanakuwa na nafasi. Juni hadi Oktoba, na tena kuanzia Desemba, mambo hugeuka. Chuo chenye busara huweka kozi nzito na mafunzo ya walimu wachanga wakati wa masika, na hupunguza mzigo msimu wa wageni unaporudi. Mvua itawachelewesha wanafunzi, ni kweli, lakini mwanafunzi aliyechelewa kwa mvua ni tatizo dogo kuliko mwalimu asiyepatikana kabisa. Februari, Mji Mkongwe unapopokea tamasha la Sauti za Busara, wiki ya tamasha iachwe bila masomo ya kawaida.

Hesabu ya dakika iwe ya kweli. Saa tatu ni dakika 180, na kwenye karatasi zinatoa vipindi sita vya nusu saa. Lakini mwanafunzi anatoka, mwingine anaingia, chombo kinarekebishwa, mzazi ana neno moja mlangoni. Ukiweka dakika tano baina ya vipindi unapata wanafunzi watano, na hao watano watafundishwa. Waliopangwa sita, wa mwisho huondoka kila wiki amepunjwa, na mara nyingi ni mtoto yule yule.

Vyombo na vyumba

Hapa ndipo ratiba ya muziki inapoachana na ratiba ya skuli yoyote. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 2002, kinafundisha vyombo vya taarab na ngoma za asili pamoja na vyombo vya Kizungu, na kila chombo kina madai yake. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, na unyevu wa bahari hauziachi zikae. Kuzipatanisha zote sauti huchukua muda ambao kipindi cha nusu saa hakiwezi kuubeba. Kwa hiyo wanafunzi wa kanuni wapangwe mfululizo siku moja, na mwalimu alipwe nusu saa ya kutuni kabla ya wa kwanza. Besi ikiwa moja, mwanafunzi wake na kundi linalofanya mazoezi wasigongane.

Sauti zipangwe kama watu. Jengo la mawe lina kuta nene, lakini madirisha na milango hukaa wazi kwa joto, na dumbak iliyo chumba cha pili humfanya mwanafunzi wa nai asisikie pumzi yake. Ngoma na dumbak ziwe ghorofa ya chini, au ziwe na siku zao. Nai, udi na sauti ya kuimba zikae pamoja. Kinanda cha umeme kisipewe saa ambazo umeme wa mtaa una mazoea ya kukatika.

Kuna jambo moja ambalo ratiba nyingi hulisahau. Mwanafunzi asiye na chombo nyumbani anahitaji saa za mazoezi chuoni, na bila hizo atarudi wiki ijayo pale pale alipoachwa. Kwa kila kipindi kimoja cha mwalimu, ratiba imtengee angalau saa mbili za chombo na chumba, zilizoandikwa kwa jina lake. Mazoezi ya kundi zima ndiyo magumu kuliko yote kwa sababu yanataka watu wote mara moja. Yawekwe mwanzo kabisa, kabla ya kipindi chochote cha mtu mmoja, na yasiguswe.

Kuahirisha na malipo

Kanuni za kuahirisha zisainiwe na mwalimu na mzazi kabla ya somo la kwanza. Zinazotosha ni hizi: mwanafunzi akitoa taarifa siku moja kabla, analipiwa kipindi kingine, asipotoa, kipindi kimepotea na mwalimu analipwa. Mwalimu akikosa, chuo kinadaiwa kipindi hicho na kinakilipa ndani ya mwezi. Bila kanuni ya pili mwalimu anageuka mbeba hasara ya uzembe wa wengine, na mwalimu mzuri huondoka kimya kimya.

Ujumbe wa mabadiliko uwe mfupi na uombe jibu. Kwa mfano: “Asalaam alaykum Maalim. Kipindi chako cha udi cha Jumatatu saa tisa kimehamia Jumanne saa kumi, chumba namba mbili. Naomba uthibitishe kabla ya saa mbili usiku.” Mabadiliko yasitangazwe katika kundi la WhatsApp peke yake, kwa sababu ujumbe hupita chini ya salamu na picha za harusi. Mzee wa fani ambaye chuo kinajivunia jina lake apigiwe simu, na akiwa jirani afuatwe nyumbani.

Ratiba iwe na mwenyewe mmoja. Walimu watapendekeza, mkuu ataamua penye ubishi, lakini anayeandika ni mratibu tu. Nakala ya ukutani iwe na tarehe ya kutolewa juu kabisa, na ile ya zamani ivuliwe saa ile ile mpya inapobandikwa. Nakala zilizovuliwa zitunzwe faili moja hadi mwisho wa mwaka: ndizo zitakazotumika mwalimu akija kudai vipindi vya mwezi wa Machi.