SOMO LA KAMUSI: USIISHIE MAANA YA KWANZA

Kusoma na kuandika umeshajua. Sasa Kiingereza nacho kinakufuata: kwenye risiti, kwenye mzani, kwenye chupa ya dawa. Unafungua kamusi, unalipata neno, unasoma maana ya kwanza, unafunga. Hapo ndipo wengi hupotea. Neno moja laweza kuwa na maana mbili au tatu, na ile unayoitaka imekaa chini kabisa.

Sisi wa Tinde tupo njia panda. Barabara moja yaelekea Shinyanga mjini, na mbele yake Mwadui kwenye almasi. Nyingine yaelekea Kahama, na mbele zaidi Geita kwenye dhahabu. Basi tuchukue maneno manne ya huko.

1. CARAT. Sisi husema karati. Zamani wafanyabiashara walipima vitu vidogo vya thamani kwa mbegu za mti uitwao kharubu, na jina la kipimo likatoka huko. Maana ya kwanza ni uzito wa vito. Karati moja ni gramu 0.2, yaani karati tano ni gramu moja. Almasi maarufu ya rangi ya waridi iliyopatikana Mwadui mwaka 1947 ilikuwa na karati 54.5. Zidisha kwa 0.2, utapata gramu 10.9.

Maana ya pili ni usafi wa dhahabu. Hapa hatupimi uzito tena. Dhahabu safi ni karati 24. Ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu na sehemu 6 za madini mengine. Kwa dhahabu, Wamarekani huandika KARAT.

2. OUNCE. Ni aunsi. Aunsi ya kawaida ni gramu 28.35. Lakini dhahabu ina aunsi yake, TROY OUNCE, nayo ni gramu 31.1. Bei ya dunia inayotajwa redioni ni ya aunsi hii ya pili. Ukitaka bei ya gramu moja, gawanya kwa 31.1. Ukigawanya kwa 28.35 utapata bei kubwa kuliko ya kweli, na utagombana bure na mnunuzi.

3. FINE. Wengi tunaijua faini ya mahakamani. Kamusi yasema pia "nzuri". Endelea kushuka: kwa dhahabu maana yake ni "safi, isiyochanganywa". Ukiona FINE 900 kwenye karatasi ya vipimo, usiogope, hujatozwa kitu. Maana yake, katika sehemu 1000, sehemu 900 ni dhahabu tupu.

4. RETORT. Kamusi yaanza na "jibu kali". Hebu fikiri: mchimbaji anaambiwa achome dhahabu yake ndani ya jibu kali! Shuka chini. Retort ni chombo chenye kifuniko na bomba lililopinda. Asili ya neno ni Kilatini, "kupinda kurudi nyuma". Ukichoma dhahabu iliyoshikana na zebaki ndani yake, mvuke hupita kwenye bomba, hupoa, na zebaki hurudi kuwa majimaji. Ukichomea kwenye kikaango wazi, mvuke huo unauvuta wewe, mama watoto na mtoto aliye mgongoni. Ni sumu. Huharibu ubongo na figo, na mtoto aliye tumboni huumia zaidi. Kwa hiyo neno hili si la kuchekea.

Tangu mwaka 2019 nchi yetu ina masoko ya madini, likiwamo la Geita. Ukiuza huko unapewa karatasi. Isome yote kabla ya kuondoka. Na kila ukutanapo na neno geni, fanya hivi:
(a) Soma maana zote, mpaka ya mwisho.
(b) Jiulize: hapa tunazungumzia nini?
(c) Iweke maana uliyochagua ndani ya sentensi. Ikikaa vibaya, jaribu nyingine.

MAZOEZI
1. Almasi ya karati 10 ina gramu ngapi?
2. Pete ya dhahabu ya karati 12 ina dhahabu tupu kiasi gani?
3. Mtu amekuambia, "Nina karati 18." Utamwuliza swali gani kwanza?

MAJIBU: 1. Gramu 2. 2. Nusu. 3. "Za almasi au za dhahabu?"